Usiitume hiyo barua ya malalamiko

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, watoto wazima, mgongo ndio hivyo hivyo tu. Ya Bahati na kaka yake tutayazungumza tukionana, maana hayaandikiki. Nimeona nikujibu upesi kabla hujaharibu.

Yaani yule mhariri kakuandikia kwamba atakujibu "in a couple of days", ukahesabu siku mbili, na ya tatu ukakaa kuandika malalamiko? Mwenzangu, hakukuahidi siku mbili. Couple ikiwa ni mume na mke, hapo sawa, ni wawili kamili. Ikiingia kwenye siku au dakika, inalegea: mbili, tatu, hata nne. Wenye lugha yao wenyewe hawaelewani. Kuna wanaoshikilia kwamba ni mbili tu, na wengine wanawacheka. Lakini mtu akikuambia njoo tuongee mawili matatu, uliwahi kuyahesabu? Basi ndiyo hiyo. Soma "siku mbili tatu", ulale.

Kinachotuponza ni kwamba shuleni tulifundishwa namba za Kiingereza kwa ajili ya hesabu, kumbe nusu ya wakati hawahesabu, wanakisia. Ila wana alama ya kukuonyesha. Ukiona "two hundred people", neno la mia halina s, mtu ametaja idadi. Ukiona "hundreds of people", hakuna aliyehesabu, ni mamia ya watu kama tusemavyo sisi. Dozen nayo hivyo hivyo: dazeni ya mayai ni 12, lakini "dozens of letters" ni barua nyingi tu. Hata score, ambayo ni korija yetu, yaani 20. Rais Lincoln wa Marekani, kwenye hotuba yake pale Gettysburg mwaka 1863, alianza kwa "four score and seven years", korija nne na saba, miaka 87, ukirudi nyuma unaangukia 1776, Marekani ilipotangaza uhuru. Yeye alihesabu. Mwandishi wa habari wa leo akiandika "scores of people" hakuhesabu chochote. (Na nasikia baker's dozen ni 13! Usiniulize, nimeshachoka.)

Sasa, kwa kuwa unatafsiri kile kitabu cha Mwingereza cha zamani, hili ndilo la kukukosesha usingizi, si couple. Tazama kilichapishwa lini. Zamani billion ya Uingereza ilikuwa milioni mara milioni, wakati ya Marekani ni milioni elfu moja. Mwaka 1974 serikali ya Uingereza, chini ya waziri mkuu Wilson, ikasema nayo itafuata ya Kimarekani, na ndiyo bilioni tunayoijua sisi. Kwa hiyo kwenye kitabu cha kabla ya hapo usiandike bilioni kwa mazoea. Angalia kwanza hesabu za ukurasa mzima zinakubali ipi. Tofauti ni mara elfu, Rehema! Ukikosea hapo hakuna atakayesema ulikisia.

Na saa pia. Mwingereza akisema "half ten" ni saa nne na nusu. Kaka yake Bahati huko Ujerumani amezoea kwamba nusu ya kumi ni saa tatu na nusu, ndiyo maana... lakini nilisema hayaandikiki.

Sifuri nimeiacha. Ina majina kama mtoto wa ukoo mkubwa: kwenye simu ni "oh", kwenye mpira "nil", kwenye tenisi ati "love". Utayazoea. Ila akikupigia kutaja malipo, mwambie arudie kwa maandishi, maana fifteen na fifty kwenye simu mbovu ni kitu kimoja.

Turudi kwa mhariri wako. Hizo "couple of days" alizisema Ijumaa au katikati ya wiki? Alitaja "working days"? Mkataba mmeshasaini, au bado ni maneno ya mdomo? Hiyo barua umeiandika kwa ukali kiasi gani, na kuna mtu mwingine ameisoma? Au umeshaituma na unaogopa kuniambia? Nijibu leo. Kama bado hujaituma, niletee kwanza niipunguze makali, halafu isubiri mpaka wiki ipite.

Wako,
Salma