Kabla hujamruhusu fundi afumue spoku

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Sisi huku Tabora hatujambo, na baba yako anakusalimu. Unasema tangu uzibe pancha, tairi la nyuma linasugua fremu upande wa kushoto, na fundi wa hapo anataka kufumua spoku zote. Mwambie asubiri.

Pindua baiskeli isimame kwa siti na usukani. Zungusha gurudumu huku ukitazama nafasi kati ya ringi na breki. Nafasi ikipanuka na kubana kila mzunguko, hapo spoku zina kesi. Ringi ikiegemea upande mmoja muda wote bila kuyumba, mara nyingi kosa liko kwenye kufunga. Mimi nashuku hili la pili. Mnyororo uko kulia. Ukikanyaga kwa nguvu mlimani na nati ya kulia haijakaza vizuri, ncha ile ya ekseli, chuma kinachopita katikati ya gurudumu, huvutwa mbele, na tairi linaelekea kushoto. Hukohuko linakosugua.

Legeza nati zote mbili kwa spana namba 15. Plaisi weka mbali, inakula pembe za nati. Ukilitoa gurudumu kabisa, shika mpangilio: vyuma vya madigadi na keria, kisha washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu), nati mwisho. Wakati wa kurudisha, mnyororo ukae kwenye meno kabla ya kuvuta ekseli nyuma.

Anza na kulia. Vuta mpaka mnyororo ucheze kama sentimita moja katikati, ukiupima pale unapobana zaidi, maana ukizungusha pedali utaona haubani sawasawa. Kaza nati hiyo. Kisha shika tairi karibu na pedali, lisogeze hadi kidole kipite sawa pande zote mbili za fremu, ukaze ya kushoto. Pima mnyororo tena, huwa unahama.

Gurudumu la mbele halina mnyororo wa kukusumbua. Simamisha baiskeli chini, uzito uikalie ekseli, ndipo ukaze. Likiegemea bado, ligeuze kulia kuwe kushoto: likihamia upande wa pili, kosa ni la gurudumu, likibaki palepale, uma unaoshika gurudumu umepinda, na huo ndio mpelekee fundi.

Kaka yako anakuja huko Ijumaa. Nimempa spana na washa mbili zenye meno. Zako nadhani zimelika.

Mama yako