Lami tumeshapata, sasa tunaomba ratiba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo nimelikalia muda mrefu. Kila kiwanja cha ndege cha mkoa kikizinduliwa mnatuandikia mambo yale yale, mita za njia ya kurukia, mabilioni yaliyotumika, jengo jipya la abiria, viongozi na mkasi, ndege inamwagiwa maji na magari ya zimamoto watu wanapiga makofi, basi. Baada ya hapo kimya. Hamna mwandishi anayerudi miezi sita baadae kuuliza ndege inatua mara ngapi kwa wiki, na ikiandikwa saa nne asubuhi kweli inakuja saa nne?

Mimi naandika kutoka Songea, nauza pembejeo na msimu ukifika nanunua mahindi, kwahiyo Dar kwangu ni kama sokoni. Na niseme mapema hatuna ukosefu wa shukrani huku. Kiwanja kimepanuliwa, Bombadia inatua. Kwa barabara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900, unapita Njombe, Makambako, Iringa, unashuka Kitonga, Mikumi, Morogoro, umetoka alfajiri unaingia Mbezi usiku miguu imevimba. Kwa ndege ni saa moja na nusu hivi. Na wateja wapo jamani, kuna kahawa ya Mbinga, korosho ya Tunduru, makaa ya mawe ya Ngaka, urani ya Namtumbo, kuna watumishi wa serikali wanaoitwa vikao kila siku, kuna mgonjwa mwenye tarehe yake Muhimbili. Sasa kwanini safari za mikoani zinaanzishwa kwa shangwe alafu zinapunguzwa, zinarudishwa, zinapunguzwa tena?

Watu wengi watakwambia nauli. Ni kweli nauli ni kubwa, tiketi moja ya ndege unapanda basi mara kadhaa, lakini mimi naona nauli sio mwanzo wa tatizo. Mwanzo ni ratiba isiyoaminika, nauli inakuja nyuma yake. Naomba mnivumilie nieleze maana nimewauliza sana watu wanaofanya kazi viwanjani na kila mmoja ananiambia kipande chake.

Noah ya kwenda Mbinga inakaa stendi mpaka ijae ndio dereva anawasha gari. Ndege ya ratiba haina ujanja huo, saa ikifika inaondoka hata kama kati ya viti 76 vya Q400, yaani hiyo Bombadia, wamekaa watu 25, na kile kiti kilichoruka kitupu hakuna wa kumuuzia kesho. Wakati huo mafuta yamechomwa yale yale karibu, rubani amelipwa, ada za kutua zimelipwa. Vipuri, bima, kukodi injini, vyote vinalipwa kwa dola wakati mimi nimelipa kwa shilingi. Alafu kuna kitu wengi hatukijui, matengenezo mengi ya ndege hayahesabiwi kwa masaa tu, yanahesabiwa pia kwa idadi ya kuruka na kutua. Ndege inayoenda mbali inatua mara moja kwa masaa mengi, hii ya kwetu ya mikoani inaruka inatua inaruka inatua, kila kutua magurudumu na breki zinalika. Kwahiyo safari fupi ya watu wachache ni ghali kuliko inavyoonekana, na ukishajua hivyo unaelewa kwanini ofisi ya ratiba ikibanwa inakata huku pembeni kwanza.

Na kubanwa ni kila siku. Chukua ndege moja imepangiwa asubuhi Mwanza, irudi Dar, mchana iende mkoa mdogo kama wetu. Asubuhi kuna ukungu au kuna taa imewaka kwenye chumba cha rubani, fundi anaitwa, limepita lisaa, yamepita mawili. Mwanza ina abiria wengi na wengine wanaunganisha ndege kwenda nje, lazima iende. Inaporudi Dar ni saa tisa na nusu alasiri. Ukijumlisha kupakia na kuruka utafika huku karibu saa kumi na moja na nusu, bado ishushe na ipakie ndio irudi, na mwezi wa sita jua huku linazama saa kumi na mbili na kitu. Kiwanja kisicho na taa hapo ndio mwisho, ndege haiji. Hata kama taa zipo kuna swali lingine ambalo kwenye uzinduzi haliulizwi, mtu wa mnara wa kuongozea ndege na watu wa zimamoto wanakaa kazini hadi saa ngapi? Taa bila watu ni mapambo. Na rubani nae ana masaa yake ya kazi kisheria, yakiisha yameisha, huwezi kumwambia jikaze. Kwahiyo lile lisaa limoja la Mwanza limegeuka kuwa siku nzima kwa mtu wa Songea, au wa Mpanda, au wa Tabora.

Wenzetu wa Mbeya wanajua hii hadithi. Kiwanja chao cha Songwe kimefunguliwa Desemba 2012, njia ya kurukia inazidi kilomita tatu, ndege kubwa zinatua pale, lakini kwa miaka mingi usiku hazikutua kwa sababu ya taa, na asubuhi ukungu wa kule sio wa mchezo, ndege inafika juu inazunguka inarudi Dar na watu wake. Kilomita tatu za lami hazikuweza kusaidia hapo. Vifaa vya kumwongoza rubani kushuka na taa za njia havina sura nzuri kwenye picha kama jengo la vioo lakini ndivyo vinavyoleta ndege.

Sasa angalia upande wa abiria. Mtu ana kikao Dodoma Jumatano, au daktari kamwandikia tarehe, ndege ya Jumanne ikiahirishwa ijayo ni Ijumaa. Ya nini ahangaike, anapanda basi Jumatatu usiku shida iishe. Basi linachosha lakini linaondoka. Huyu ameshapotea, na wenzake wakimsikia nao wamepotea, viti vinabaki wazi, shirika linaangalia hesabu linasema njia hii haina abiria, safari nne zinakuwa mbili. Zikiwa mbili kwa wiki hata yule aliyekuwa anaipenda ndege anashindwa, maana ukienda Jumanne kwa kazi ya masaa matatu unalala hoteli Dar mpaka Ijumaa, piga hesabu hoteli na chakula juu ya nauli. Abiria waliobaki wachache inabidi wabebe gharama yote na hapo ndipo nauli inapanda. Ndio maana nimesema nauli inakuja nyuma.

Kuna mambo mengine yapo kimya kimya. Kiwanja kikiwa hakina mafuta ya ndege, ndege inabeba kutoka Dar ya kuja, ya kurudi, na ya akiba ya kwenda kiwanja kingine hali ya hewa ikikataa, na mafuta ni uzito, uzito unakula watu na mizigo. Songea iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mchana wa joto ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuinuka, na njia yetu sio ndefu kivile. Ndio unasikia begi lako litakuja kesho. Wapiga kelele wa kaunta wanadhani binti wa watu kaamua tu. Alafu zimamoto, Q400 urefu wake unakaribia mita 33, ndege inavyokuwa ndefu ndivyo kiwanja kinavyotakiwa kuwa na maji na povu jingi zaidi, gari moja la zimamoto likilala gereji kiwanja kizima kinashuka daraja.

Nisieleweke vibaya, siombi mtu alazimishwe kuruka. Tarehe 6 Novemba 2022 tuliona Bukoba, ndege yenye watu 43, abiria pamoja na wahudumu, ikishuka kwenye hali mbaya ya hewa iliingia ziwani karibu kabisa na kiwanja, watu 19 walikufa, na waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Tangu siku ile rubani akisema hatutui, tunarudi, mimi sinung'uniki na nawashangaa wanaonung'unika. Ninachosema ni kwamba kiwanja chenye vifaa kinampa huyo rubani sababu chache zaidi za kurudi.

Mtu atasema sasa shirika la serikali, Air Tanzania, si lipo, lifanye. Limefanya, mwaka 2016 zilipokuja zile Q400 mbili za kwanza wapo waliozicheka eti pangaboi, lakini pangaboi ndio inayofika kwetu, ndege za jeti za maringo zinataka lami ndefu. Lakini tusijidanganye kwamba shirika moja linaweza kubeba kila mkoa mfukoni mwake. Injini za zile Airbus A220 zilipoleta matatizo, ambayo ni ya mtengenezaji na yamesumbua mashirika dunia nzima, ndege zilikaa chini, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ametuambia hasara ya shirika ilitoka shilingi bilioni 56.6 mwaka 2022/23 ikafika bilioni 91.8 mwaka uliofuata. Shirika lenye hasara hiyo ukilipigia simu kudai safari ya tano ya wiki kwa mkoa wako, wewe ungekuwa wao ungejibu nini? Na binafsi nao hawaji kwa huruma. Fastjet walianza 2012 kwa nauli za kushangaza, walikwenda Mwanza, Kilimanjaro, Mbeya, huku kwetu hawakugusa, na mwisho wa 2018 nao wakasimama.

Kwahiyo kama serikali inaamini mkoa lazima ufikiwe kwa ndege, na mimi naamini hivyo, basi ilipie huo ulazima waziwazi. Marekani wanafanya tangu 1978, mji mdogo unatangazwa zabuni, mkataba unataja safari ngapi kwa wiki na ndege ya aina gani, atakayeshinda analipwa pengo kati ya gharama na nauli anazokusanya. India walianza wa kwao unaitwa UDAN, safari ya kwanza Aprili 2017 kutoka Shimla kwenda Delhi, nusu ya viti vina bei yenye ukomo na serikali inafidia kwa miaka mitatu. Sio dawa ya kila kitu, mkaguzi wao alipokagua alikuta njia 774 ziligawiwa, 371 tu zilianza kuruka, 112 zikamaliza ile miaka mitatu, na kufika Machi 2023 zilizokuwa bado zinaendelea ni 54. Mimi hizo namba hazinikatishi tamaa, naziona ni bei ya somo ambayo wenzetu wameshalipa, pesa ikitolewa kwa njia isiyo na kiwanja kilicho tayari inaliwa na upepo.

Ningependa kwetu ilipwe kwa safari iliyoruka kwa wakati. Haikuruka hulipwi, labda iwe hali ya hewa. Na zabuni iwe wazi kwa wote, hata kwa wenye ndege ndogo. Mafia wanaishi kwa Caravan za watu 12 au 13 zinazokwenda na kurudi, na hakuna anayelia kwamba sio Bombadia. Songea ni mbali zaidi, kwa Caravan ni karibu saa mbili na haina choo, hilo nalo lizungumzwe maana wazee wetu wanasafiri. Lakini ATR 42 ya viti 48 inayokuja siku tano kwa wiki ni bora kuliko viti 76 vinavyokuja mara mbili na mara moja inaahirishwa. Najua viongozi wanapenda ndege kubwa mkoani kwao, mimi napenda inayokuja.

Na kuna jambo halihitaji hata senti ya ruzuku. Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege watoe kila mwezi, kiwanja kwa kiwanja, safari ngapi zilipangwa, ngapi ziliruka, ngapi zilichelewa na kwa sababu gani, hali ya hewa, ufundi, giza, zimamoto, mafuta. Karatasi moja tu. Nyie magazeti mchapishe ukurasa wa biashara pale mnapoweka bei za mahindi. Tukiona kiwanja fulani kinapoteza safari kwa sababu ya giza tutajua pesa ya taa iende wapi, na mbunge wa pale atakuwa na cha kuuliza Dodoma.

Mhariri, mwandishi wako akienda kwenye uzinduzi unaofuata mpe maswali haya matatu amuulize mgeni rasmi kabla hajapanda gari: mnara unafungwa saa ngapi, mafuta ya ndege yapo, na ratiba hii mmeahidiana na shirika kwa muda gani?

Msomaji wenu,
Mfanyabiashara, Songea