Barua kwa Rehema: Filamu ya Bessie Smith na kifo walichokiacha

Tanga, Juni 14

Mpendwa Rehema,

Habari za siku nyingi? Sisi huku wazima, na mama anakusalimu sana; anasema bado anakudai ile ahadi ya kuja Idi. Barua yako niliisoma usiku uleule ilipofika, na tangu hapo nabishana nawe moyoni, kwa hiyo bora nikuandikie yaishe.

Unasema umeitazama Bessie, ile filamu ya HBO ya mwaka 2015 ambayo Queen Latifah anaigiza maisha ya Bessie Smith, mwimbaji wa blues wa Marekani, na ukaipenda yote mpaka pale mwisho ulipokuudhi. Ulingoja ajali, ukangoja hospitali na mazishi, mara hayo majina ya waigizaji yanapanda kwenye kioo. Umeona umedhulumiwa. Mimi naona hapo ndipo mwongozaji Dee Rees alipofanya jambo la maana kuliko yote katika kazi ile. Niache nikueleze, maana kifo cha Bessie Smith kina historia yake chenyewe, na historia hiyo ilikaribia kumfunika mwenyewe.

Alifariki tarehe 26 Septemba 1937. Alikuwa safarini usiku na mpenzi wake Richard Morgan kwenye Barabara Kuu Namba 61, jimbo la Mississippi, Morgan akiwa ndiye dereva. Gari lao likaligonga lori, na mkono wa kulia wa Bessie ukakaribia kukatika kabisa kwenye kiwiko. Daktari mmoja mzungu aliyekuwa akienda zake kuvua samaki aliwakuta, akamshughulikia palepale kando ya barabara. Baadaye Bessie akapelekwa hospitali ya watu weusi mjini Clarksdale, wakaukata ule mkono, na asubuhi hiyohiyo akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Haukupita muda mrefu, John Hammond, mtayarishaji aliyesimamia santuri zake za mwisho mwaka 1933, akaandika kwenye jarida la muziki habari alizozisikia: kwamba Bessie alikataliwa hospitali ya wazungu akavuja damu mpaka kufa. Hammond hakuwapo. Lakini habari ile ilifanana mno na Mississippi ya siku zile, watu wakaibeba. Ikafika hadi kuandikiwa tamthilia, na kwa zaidi ya miaka thelathini ukitaja jina la Bessie Smith, mtu anakujibu kwa hospitali. Mwandishi wa wasifu wake, Chris Albertson, alipokwenda kumtafuta yule daktari, akaambiwa kwamba kule Mississippi hakuna dereva wa gari la wagonjwa ambaye angewaza hata kumpeleka mtu mweusi hospitali ya wazungu. Mji ulikuwa na hospitali mbili, na kila mtu alijua ipi ni ya nani. Ukweli huo, Rehema, haumsafishi mtu yeyote. Hakufukuzwa mlangoni kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumfikisha mlangoni.

Sasa fikiria kazi ya mtengeneza filamu. Angeiweka ile ajali mwishoni, basi watazamaji wote tungekaa saa nzima na zaidi tukiingoja, kama ulivyoingoja wewe. Kila wimbo tungeusikia kama wimbo wa mtu anayekaribia kufa. Rees amemwacha Bessie mzima, yuko na Morgan, mwanamume aliyemtendea wema, bado ana hamu ya kuimba. Na hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kweli: mwaka 1937 alikuwa kazini, anazunguka na maonyesho, wala hakuwa mzee aliyesahaulika anayesubiri siku yake.

Mahali ninapogombana na filamu ni utotoni. Alizaliwa Chattanooga, Tennessee, mwaka 1894, na kabla hajafika miaka kumi wazazi wote wawili walishakufa. Dada yake Viola ndiye aliyewalea. Filamu inarudi kwa Viola kila mara, kana kwamba kila wimbo lazima uwe na kidonda chake cha utotoni na kila ugomvi uwe na risiti yake. Ni desturi ya filamu za wanamuziki karibu zote, na inanichosha. Watoto wangapi walikua yatima Chattanooga? Aliyetoka na sauti ile ni mmoja. Ningependa kuona zaidi alivyokuwa akiimba barabarani na kaka yake Andrew akipiga gitaa, wanatupiwa senti, kwa sababu hapo ndipo alipojifunza kitu kinachoonekana katika kazi yake yote: kumsimamisha mtu ambaye hakukusudia kusimama.

Ila pale Ma Rainey, mwimbaji wa blues aliyemtangulia Bessie, anapoingia, nanyamaza. Mo'Nique, anayemwigiza Rainey, na Queen Latifah wakiwa pamoja, filamu inakuwa filamu kweli. Bessie aliingia katika kundi la maonyesho alilokuwamo Rainey mwaka 1912 akiwa mchezaji wa dansi, kwa sababu mwimbaji walikuwa naye tayari, naye ni Ma Rainey. Wengi hupenda kusema Rainey ndiye aliyemfundisha kuimba; mimi nawaamini zaidi wanaosema kwamba sauti alikuja nayo, ila jukwaa alilisomea pale: namna ya kuingia, kusimama, kuwatazama watu kabla ya kutoa neno. Filamu inalionyesha hilo vizuri, tena kwa vitendo, bila hotuba.

Na ile sehemu ya kioo, umeiona? Queen Latifah amekaa mbele ya kioo bila nguo, bila vipodozi, bila wigi, anajitazama. Hakuna muziki wa kutuambia tuhisi nini. Mwili wa mwanamke mkubwa, mtu mzima, umetulia. Filamu nyingi huwavua wanawake ili watazamaji wafurahi. Hii imemvua ili tumwone anavyochoka baada ya kazi. Ukiitazama tena, angalia mabega yake.

Nashukuru pia kwamba hawakumficha. Bessie alipenda wanaume na alipenda wanawake, alikunywa, alipigana, na ndoa yake na Jack Gee ilijaa vita. Huyu Lucille unayemwona kwenye filamu ni mhusika wa kubuni, aliyewekwa kuwakilisha wanawake aliokuwa nao, na sina tatizo na hilo. Hata kisa cha Concord, North Carolina, mwezi Julai 1927, kimo: watu wa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, walikuja usiku kung'oa vigingi vya hema la onyesho, Bessie akatoka nje, akawatukana huku anawatikisia ngumi mpaka wakaondoka. Kisha akarudi ndani akaendelea na kazi. Sinema hupenda kelele, kwa hiyo imeongeza kelele. Mimi ningekifanya kama kinavyosimuliwa: mwanamke mmoja, mkono kiunoni, na maneno yake basi.

Nije kwenye sauti, maana ndiyo umeniuliza kama Latifah ametosha. Ameimba mwenyewe, na nampa heshima yake. Lakini mwenyewe Bessie alikuwa mtu wa kujaza hema bila maikrofoni. Santuri zake za kwanza, mwaka 1923, ziliimbwa mbele ya pembe kubwa la kunasia sauti, kabla studio hazijaanza kutumia umeme. Sauti inafika kwetu ikiwa imepitia pembe, nta na mikwaruzo yote ya miaka mia, na bado inakushika. Sikiliza St. Louis Blues aliyoirekodi Januari 1925, Louis Armstrong akiwa kwenye koneti, aina ya tarumbeta, na Fred Longshaw kwenye kinanda cha upepo. Bessie anamaliza mstari, Armstrong anamjibu. Anamaliza mwingine, anajibiwa. Hana haraka. Neno moja analivuta chini kidogo ya pale unapolitarajia, na kabla hujalidai amekurudishia. Hilo mwigizaji hawezi kuliiga, na Latifah ana akili, hakujaribu. Ameimba kwa sauti yake na kutuachia tofauti tuione.

Ndiyo maana nakusihi uitafute filamu nyingine, fupi, ya mwaka 1929, yenye jina la wimbo uleule. Haizidi dakika kumi na sita au hapo. Ndiyo picha pekee za sinema tulizobaki nazo za Bessie Smith mwenyewe. (Ni miaka ileile Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi, 1928, nikikumbuka hilo nawaona wote wawili karibu zaidi.) Hadithi yake ni nyepesi, tena inaudhi: mwanamke anasalitiwa na mwanamume wake, anapigwa, anaachwa. Kisha tunamkuta baa, ameegemea kaunta na glasi ya bia mbele yake. Anaanza kuimba kama anajisemesha, na watu waliokaa mezani wanampokea, kwaya nzima inamjibu. Uso wake haufanyi mengi. Macho yako mahali pengine. Baadaye yule mwanamume anarudi, anacheza naye, wakiwa wamekumbatiana anamchomolea pesa alizozificha kwenye soksi, anamsukuma, anatoka zake. Bessie anarudi kwenye kaunta na kwenye wimbo.

Watu wa leo huikosoa filamu hiyo, na wana haki, kwa namna ilivyowachora watu weusi: kamari, ulevi, kupigana. Waliomwajiri walitaka huzuni yake tu. Hawakuonyesha kwamba mwanamke huyo aliyeegemea kaunta alikuwa na behewa lake mwenyewe la treni, alilolinunua mwaka 1925 ili kundi lake lote lilale na kula humo, wasihangaike kutafuta hoteli ambazo zingewakataa. Alikuwa mwajiri. Alilipa wanamuziki, wachezaji, mafundi wa hema. Katika miaka yake mizuri anatajwa kuwa msanii mweusi aliyelipwa zaidi katika nchi ile.

Na hapo ndipo ningekuwa na ugomvi na kila filamu ya maisha ya mwimbaji, Rehema: fedha hazionekani. Tunaonyeshwa mapenzi, pombe, machozi, halafu makofi. Santuri yake ya kwanza, Downhearted Blues, inatajwa kuwa iliuza nakala zipatazo 780,000 ndani ya miezi sita. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Alberta Hunter na Lovie Austin. Kampuni ya Columbia ilimlipa Bessie kwa kila wimbo uliokubaliwa, dola 125 mwanzoni, na mrabaha hakupata hata senti. Kabla ya hapo mpiga piano Clarence Williams alikuwa akijiwekea nusu ya malipo yake, mpaka Bessie na Jack Gee walipomfuata ofisini na kumalizana naye huko. Mwaka 1933, uchumi umeanguka na watu hawanunui tena santuri, alirekodi nyimbo zake za mwisho kwa dola 37 na senti 50 kila moja. Weka tarakimu hizo kando ya zile nakala 780,000 uone. Hiyo ni filamu nzima, na ina uchungu kuliko ajali.

Ndiyo sababu ile ya mwaka 2020 ya Ma Rainey, Viola Davis akiwa Rainey, naiweka juu kidogo ya hii ya Bessie, ingawa najua hutakubali. Imechukua siku moja tu ya joto kali katika studio ya Chicago mwaka 1927. Rainey anakataa kuimba mpaka aletewe Coca-Cola yake. Wazungu wa studio wanatoa jasho, wanaapa, na chupa inaletwa. Anainywa mbele yao kwa sauti. Mtu asiyeelewa atasema ana kiburi, lakini yeye anajua vizuri kwamba sauti yake ikishanaswa hawatamhitaji tena, na saini yake anaishikilia mpaka dakika ya mwisho. Kwa chupa moja ya soda tumeelewa biashara nzima ya santuri. Ya Bessie ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa siku moja ya mwaka 1923, au kwa usiku mmoja ndani ya lile behewa. Wakaamua kubeba maisha yote, na maisha yote ni mzigo mkubwa. Ndiyo maana kuna miaka inapita mbio mpaka huelewi nani ameachana na nani.

Lakini usinielewe vibaya. Tuzo ya Emmy ya filamu bora ya televisheni waliyoipata mwaka ule ilikuwa haki yao. Queen Latifah alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu alipoanza kutajwa kwa nafasi hiyo, na filamu imetoka akiwa na miaka 45. Naona umri umemsaidia. Msichana angemwimba Bessie. Mwanamke mzima amemwelewa.

Kuna jambo moja zaidi nililitaka liwemo. Kaburi la Bessie huko Sharon Hill, karibu na Philadelphia, lilikaa bila jiwe kwa karibu miaka 33. Agosti 1970 likawekwa, na waliolipa ni wawili: Janis Joplin, mwimbaji kijana mzungu aliyemsikiliza Bessie tangu akiwa shule, na Juanita Green, mwanamke mweusi ambaye alipokuwa mtoto alisafisha nyumba ya Bessie. Joplin mwenyewe alifariki miezi miwili haijatimia. Mtu akitaka kutengeneza filamu kuhusu kifo cha Bessie Smith, aanzie kwa Bibi Green na simu aliyopigiwa kuhusu kaburi lile, wala asiguse barabara.

Basi itafute ile ya 1929 kwanza, kisha uirudie ya Latifah, halafu uniandikie bila kunionea haya. Nataka hasa unaonaje ile sehemu ya kaunta, na kama bado unadai ajali yako. Kanga ulizoagiza nimezipata, nitampa shemeji akija huko mwisho wa mwezi. Wasalimie watoto, na mwambie Bwana Hamisi deni lake la santuri za taarabu nalikumbuka.

Wako daima,
Mwanahawa