Msaada Umfikie Mchezaji Kabla ya Medali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi walimu wa michezo wa wilayani tunalishuhudia kila muhula: hapa Uganda msaada humfikia mchezaji akiwa ameshashinda. Joshua Cheptegei, Peruth Chemutai na Jacob Kiplimo waliporejea na medali kutoka Tokyo mwaka 2021, walikabidhiwa magari, na wazazi wao wakaahidiwa nyumba. Walistahili, na sidhani kama yupo Mganda aliyewaonea kijicho. Lakini katika mashindano ya riadha ya shule nimewaona wasichana wawili wakitumia jozi moja ya njumu kwa zamu. Wa kwanza alipomaliza mita 800 alizivua palepale kwenye mstari. Mwenzake, ambaye mguu wake ni mdogo, akajaza karatasi kwenye ncha, akafunga kamba haraka na kukimbilia kwenye mstari wa mita 1,500. Gari la bingwa halimsaidii mtoto huyo, kwa kuwa yeye bado yuko miaka kumi nyuma ya gari.

Nimesoma kwa muda mrefu kuhusu michezo ya Meksiko, nchi ambayo historia yetu inaifahamu vizuri. Ni katika Olimpiki ya 1968 jijini Mexico City ambako Uganda ilipata medali zake za kwanza kabisa, zote mbili za ndondi: Eridadi Mukwanga akapata fedha katika uzani wa bantam, na Leo Rwabwogo shaba katika uzani wa flai, uzani ambao dhahabu yake ilichukuliwa na mwenyeji, Ricardo Delgado. Kama ilivyo kwetu, huko pia ndondi imekuwa mlango wa vijana wasio na kitu. Hata hivyo, somo ninalolitaka limo katika mchezo mwingine, tena katika jimbo la milimani lenye umaskini mwingi, yaani Oaxaca.

Mwezi Oktoba mwaka 2013, timu ya watoto wa jamii ya Watriki kutoka Oaxaca ilikwenda Córdoba, Argentina, kwenye mashindano ya kimataifa ya mpira wa kikapu wa watoto, ikarudi na ubingwa. Wengi wao walicheza peku. Picha za miguu ile zilizunguka dunia nzima, na watu wakaizungumza habari hiyo kana kwamba ni muujiza. Haukuwa muujiza. Tangu miaka ya 1930, enzi za Rais Lázaro Cárdenas, serikali ilihimiza mpira wa kikapu vijijini, na katika milima ya Oaxaca uwanja wa saruji ukawa sehemu ya kijiji kama ulivyo mnara wa kanisa. Mlimani si rahisi kupata eneo tambarare la kutosha uwanja wa soka, bali eneo la kikapu hupatikana. Kila mwezi Machi vijiji vya Sierra Norte, safu ya milima ya Oaxaca, hukutana Guelatao, alikozaliwa Benito Juárez, rais wa zamani wa Meksiko, kugombea kombe lenye jina lake. Kwa hiyo watoto wale waliokwenda Argentina walikuwa na uwanja karibu na nyumbani, walikuwa na kocha, Sergio Zúñiga, na walikuwa na mpango uliowawekea masharti: mtoto awe na alama nzuri darasani, aseme lugha ya kwao, na asaidie kazi za nyumbani.

Masharti hayo nimeyafikiria sana. Kwetu, mtoto mwenye kipaji hupewa basari na shule kubwa ya mjini, akahamishwa kutoka kijijini, akachezeshwa kila wiki, na siku anapoteguka goti basari inakoma na hakuna anayeuliza alama zake zilikuwaje. Mpango wa Oaxaca ulimsaidia mtoto akiwa kwao, mbele ya wazazi wake, na ukaifanya shule kuwa sehemu ya mchezo. Uwanja wa saruji wenye nguzo mbili hauhitaji mkopo wa nje. Kaunti ndogo inaweza kuujenga.

Jambo la pili ni michezo ya asili. Meksiko ina shirikisho la taifa la michezo ya asili na ya jadi, ambalo huandaa mkutano wa kitaifa ambako jamii mbalimbali huonyesha michezo yao. Humo utaukuta mpira wa Wapurépecha wa Michoacán, unaochezwa usiku kwa magongo huku mpira wenyewe ukiwaka moto. Utaukuta mpira wa Wamixteki wa Oaxaca, ambao mchezaji huupiga kwa glovu ya ngozi iliyojaa misumari na yenye uzito wa kilo kadhaa. Katika jimbo la Sinaloa bado kuna vijana wanaocheza ulama, mpira mzito wa raba unaopigwa kwa nyonga, ambao asili yake ni mchezo uliokuwapo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Sisi tuna ekigwo, yaani mieleka ya asili, na omweso, yaani bao, ambavyo Baganda huvishindania kwa koo sambamba na kandanda, na tuna vijana wa Mukono ambao mieleka yao ya ulingo wa tope imetazamwa duniani kote kupitia simu. Vijana hao walijitengenezea ulingo wenyewe. Je, katika mashindano ya kitaifa ya shule zetu ekigwo ina nafasi gani?

Sisemi kwamba Meksiko imemaliza kazi. Mchezo wake wa taifa, charrería, yaani mashindano ya wapanda farasi, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2016, unahitaji farasi, na farasi ana gharama yake. Mwaka 2023 timu yake ya wanawake ya kuogelea kisanaa ilinyimwa posho za serikali kufuatia mgogoro wa uongozi katika shirikisho la kuogelea, ikalazimika kuuza nguo za kuogelea na bidhaa nyingine ili isafiri, na bado ikatwaa dhahabu katika Kombe la Dunia lililofanyika Misri. Wanariadha wetu wanaopigwa danadana kila mara viongozi wao wanapogombana watawaelewa dada hao vizuri.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Wararámuri wa jimbo la Chihuahua, wakimbiaji wa milimani ambao wanaume wao hushindana kwa kupiga mpira wa mti kwa mguu kutwa na kucha, na wanawake wao kwa kurusha pete kwa fimbo. Mwaka 2017 msichana wa jamii hiyo, María Lorena Ramírez, alishinda mbio za kilomita 50 huko Puebla akiwa amevaa sketi yake na ndala za raba, mfano wa hizi lugabire zetu. Katika mbio za Urique, zilizoanzishwa na Mmarekani aliyeishi miongoni mwao, Micah True, Mrarámuri anayemaliza hupewa vocha za mahindi. Waandaaji walijua kwamba ukame umezikausha shamba za watu hao, wakatoa kinachohitajika nyumbani. Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi yetu, nayo ina watembeaji na wakimbiaji wa ajabu, na njaa yake sote tunaijua. Mashindano ya riadha ya Moroto au Kotido yenye magunia ya mahindi kwa kila anayemaliza yangefanya kazi ambayo vikombe vya shaba haviwezi kuifanya.

Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023 imeshapitishwa, na fedha nyingi zinaelekezwa kwenye viwanja vya Kombe la Afrika la 2027, ambalo tutaliandaa pamoja na Kenya na Tanzania. Naunga mkono viwanja hivyo. Ninachoomba ni kwamba, kabla bajeti ijayo haijasomwa mwezi Juni, Baraza la Taifa la Michezo litenge fungu linalojulikana kwa jina lake kwa ajili ya nauli, chakula na viatu vya wanamichezo wa shule za wilayani, fungu hilo lipitie kaunti ndogo, na matumizi yake yabandikwe kwenye ubao wa kila shule ili wazazi wayasome. Naomba pia vyama vya koo, walimu na vijana wa Mukono waitwe kwenye meza ya Baraza kuandika kanuni za mieleka ya asili, ili mchezo huo uingie katika mashindano ya shule za msingi mwaka unaofuata. Walimu wa michezo wa ukanda wa mashariki tuko tayari kuanza na shule zetu bila malipo ya ziada.

Wako,
Mwalimu wa michezo,
Mbale