Msinilazimishe kuipiga rangi Escudo yangu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Wiki iliyopita msomaji mmoja wa gazeti lako aliwashauri wenye gari za zamani za Kijapani wasizitangaze kabla ya kuzipiga rangi upya, kubadilisha siti kava na kutia rimu za kisasa. Akamalizia kwa kusema kizuri chajiuza. Methali ile aliikata katikati. Nusu yake ya pili inasema kibaya chajitembeza, nami kila siku hapa Pemba nawaona madalali wakizitembeza Chake, Wete na Mkoani gari zilizong'arishwa juzi tu, zinatafutiwa mtu asiyeuliza maswali.

Naandika kwa sababu nami nauza. Yangu ni Suzuki Escudo Nomade ya 1993, injini ya G16A ya lita 1.6, gia za mkono. Watu wa visiwa hivi hawahitaji kuelezwa Escudo ni gari gani. Suzuki walianza kuitoa Japani mwaka 1988, ile fupi ya milango mitatu, na hii ndefu ya milango mitano ikafuata 1990. Nchi nyingi wanaijua kwa jina la Vitara. Kwetu zilipoingia kwa mtumba hazikubakisha shamba wala pwani. Hii niliinunua nikiwa bado nasomesha. Imenipeleka skuli, mazikoni na harusini, na misimu ya karafuu imebeba magunia mpaka zulia la nyuma limegeuka kahawia na harufu yake haitoki kwa sabuni yoyote. Rangi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, juu kijani iliyokolea, chini fedha. Boneti imepauka, paa limepauka zaidi, na mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo mrefu ulioachwa na gari la ng'ombe kule Konde.

Dalali wa kwanza niliyemwita nilimsomesha mwenyewe. Akaniamkia kwa adabu zote, akaizunguka gari mara moja, akasema:

"Mwalimu, hii ukiipiga rangi tu, wiki haimalizi."

Nikamuuliza, "Chini umeangalia?"

"Chini nani anaangalia, Mwalimu?"

Alisema kweli, na hilo ndilo linalonikera. Ushauri wa ndugu yangu wa wiki iliyopita unafaa sana kwa wanunuzi wasioangalia chini. Mimi nataka kumuuzia anayeangalia.

Tuanze na hiyo rangi. Watu wanaichukulia kuwa ni nguo, unavua hii unavaa ile. Kiwandani bodi huchovywa nzima kwenye dawa ya kuzuia kutu, dawa ikapenya ndani ya mikunjo na mashimo ambako mkono wa mtu haufiki, ndipo rangi ikapigwa juu yake na kuokwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 100. Joto hilo linawezekana kwa sababu wakati huo bodi ni bati tupu, haina waya, kioo wala siti. Tabaka zote ukizijumlisha hazizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini zimeshikana na bati. Fundi wetu chini ya mwembe, hata awe hodari namna gani, hana tangi la kuchovya wala tanuri la kuoka. Atasugua kwa msasa mpaka dawa ya kiwandani iondoke, atajaza pati, ule udongo wa kuzibia mabonde, atapiga praima, atapiga rangi, na upepo wa bahari utapita katikati ya kazi na vumbi lake. Simlaumu. Anafanya alichoambiwa, tena mbio mbio, maana mwenye gari anataka kuiuza Ijumaa. Siku ya kwanza inameremeta. Ikipita masika moja au mbili, bati linaanza kuvimba chini ya rangi, na aliyeuza simu yake haipatikani.

Lakini kubwa zaidi kwangu ni kwamba rangi ya zamani inasomeka. Boneti na madigadi zimefungwa kwa bolti. Angalia vichwa vya bolti hizo: rangi yake ikiwa haijachubuka pembeni, haijaingia spana. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa isikwaruze, uipitishe ubavuni. Penye bati itanata, penye pati nene itateleza. Bandua mpira wa mlango uone mshono: kiwandani bati huungwa kwa vidoto vya mviringo vilivyopangana, gereji ya mtaani huacha mstari mnene wa kuchomelea. Vioo vyote vina chapa kwenye pembe. Kimoja kikiwa na chapa isiyofanana na wenzake, uliza cha mwanzo kilivunjikaje. Kwenye gari yangu yote haya yanaonekana kwa macho matupu, ubaya na uzuri. Kwenye gari iliyopigwa rangi juzi, bolti zimepakwa, mishono imezibwa, na vitundu vya kutolea maji chini ya milango navyo mara nyingi vimezibwa, kwa hiyo mvua ikiingia inakaa humo humo.

Mwanangu yuko Dar es Salaam, kazi yake kuwaagizia watu gari. Aliwahi kunionesha karatasi za mnada za Japani. Mna mchoro wa gari uliofunguliwa pande zote na herufi juu yake: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipotengenezwa na kupigwa rangi na bado pana mawimbi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari ambayo imewahi kuumia kwenye nguzo zake za kushikilia paa au chasisi haipewi daraja la kawaida, inaandikwa R au RA, na bei inashuka. Ila mlango au boneti ya kufungwa kwa bolti ukiibadilisha, hiyo peke yake haiitwi gari ya ajali. Nilipenda utaratibu ule. Wenyewe walioziunda wanauziana wakioneshana mikwaruzo, sisi tukishazipokea bandarini tunaanza kufichana.

Sasa twende huko chini ambako dalali hataki kuinama.

Escudo hizi za mwanzo zina chasisi yake mbali, bodi imekalishwa juu yake. Ndio maana zinavumilia mashimo. Lakini chasisi ile ina uwazi ndani, na maji ya chumvi yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Ukienda ufukwe wa Vumawimbi ukapita kwenye mchanga wa maji, ukarudi nyumbani ukaiacha, kutu inaanzia ndani ambako huioni, na ikitokea nje ujue imeshakula. Mimi yangu naiosha chini kwa maji ya bomba kila inapotoka pwani, na bado chumvi ilipata njia. Fundi mmoja wa Wete aliipandisha, akachukua nyundo ndogo akawa anagonga taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Mlio ulikuwa mkali, mkali, mkali, mpaka karibu na inapokaa springi ya nyuma kulia, hapo ukawa mzito. Akagonga tena, nyundo ikazama. Yaliyomwagika kutoka ndani yalikuwa maganda ya kutu, tabaka juu ya tabaka, mfano wa chapati za kusukuma.

Hakuweka kiraka juu ya kutu. Alikata mpaka akafika kwenye chuma kinachong'aa, akapima, akachonga kipande cha bamba la milimita 3, akakichomelea pande zote, akaacha kitundu cha kutolea maji, akapaka praima na rangi. Nilisimama pale pale nikapiga picha kila hatua, kabla hajakata, alipokata, alipochomelea, na kabla hajapaka kitu. Picha ninazo kwenye simu. Kipande kibovu alichokitoa nacho ninacho, kimefungwa gazetini (si lako, Mhariri, usiudhike).

Kwa hiyo mimi si mpinzani wa matengenezo. Chasisi ile nisingeiacha kwa sababu eti ni ya kiwandani. Kinachonitenga na yule ndugu ni kwamba yeye anatengeneza ili isijulikane, na mimi nikitengeneza nataka mnunuzi aone palipokatwa. Nimelipia uaminifu huo. Wateja wawili wamekuja, nikawaonesha picha na kile kipande, wote wawili wakaaga. Mmoja alikwenda kununua nyeupe inayong'aa mpaka inaumiza macho, chini imepakwa lami nyeusi kutoka mbele hadi nyuma. Lami juu ya bati safi ni kinga, lakini juu ya kutu hufungia unyevu ndani, na kutu ikaendelea kula gizani. Sikumwambia kitu, alikuwa ameshalipa. Simuombei baya.

Wapo pia wanaopaka oili chafu chini ya gari. Bati linapona kidogo, lakini mipira ya bushi inavimba na kulegea, na matone yanaishia ardhini, karibu na visima tunavyokunywa.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kitu kibaki cha 1993. Breki, bushi, shokapu, mipira ya maji, mkanda wa taimingi, tairi, hivi vimewekwa viliwe na vibadilishwe. Juzi nimesikia mtu akisifia gari yake kwamba mipira ya breki haijaguswa tangu Japani. Hiyo ni sababu ya kuikimbia. Tairi nazo zisikudanganye kwa ule weusi wa dawa: ubavuni mna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, ukikuta 2319 ujue ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na dawa haifuti tarakimu. Haya nimeyabadilisha yote kwa wakati wake na risiti zipo, zile zilizoandikwa kwa kalamu ya wino ambazo zimepona na mvua.

Kuna vitu vingine lakini havichakai, vinachosha macho tu, na hivyo ndivyo watu wanavyokimbilia kuving'oa. Redio yangu ni ile ya kaseti iliyokuja na gari. Masafa ya FM ya redio za Kijapani za wakati ule yanaanzia 76 na kuishia 90, na idhaa zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo kila anayeiwasha anasema mbovu. Si mbovu, haijafundishwa Kiswahili tu. Mpwa wangu alitaka kuitupa aweke ya skrini. Nilimwambia weka yako ukipenda, lakini hii uitoe bila kukata waya, na utanipa mkononi. Mpaka leo haijatolewa. Rimu za chuma za mwanzo zipo, jeki na mpini wake vipo mahali pake, na kitabu cha Kijapani ambacho hakuna anayekisoma nyumbani kwangu kipo kwenye droo ya dashibodi. Siti zina kitambaa chake, kimechanika kidogo upande wa dereva na kushonwa. Ningekuwa mtu wa siti kava nisingejua hata kama hizo springi zimekatika.

Ndugu yule aliandika pia kwamba gari isiyopigwa rangi inapoteza milioni nzima kwenye bei. Inawezekana, soko analijua yeye. Mimi kwa kazi ya rangi nzima nimetajiwa laki nane na nusu, na mnunuzi ndiye atakayezilipa ndani ya bei bila kujua amelipia nini. Kama anataka kijani mpya, akishanunua ni gari yake, akaipige hata manjano. Namba ya rangi imo kwenye kile kibati cha kiwandani ndani ya boneti, pamoja na namba ya chasisi, nami nitamuonesha ilipo. Ila nisiwe mimi ninayemfutia maandishi kabla hajayasoma.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linachapisha matangazo madogo ya gari kila wiki, na yote yanasema "hali nzuri sana". Watakeni wauzaji waongeze mstari mmoja: rangi ni ya kiwandani au imepigwa upya, na chasisi imewahi kuchomelewa wapi. Atakayedanganya atakuwa amedanganya kwa maandishi, na hilo mtu hulifikiria mara mbili.

Langu naliandika hapa hapa. Rangi ya kiwandani, imepauka juu, mkwaruzo mmoja kushoto. Chasisi imechomelewa nyuma kulia, picha zipo. Zulia linanuka karafuu. Milioni nane, na maneno mawili matatu yanazungumzika. Anayeitaka aje mchana, aje na sumaku, tochi na fundi wake mwenyewe. Mkeka wa kulalia chini ya gari nitautoa mimi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Chake Chake, Pemba