Kabla ya Kununua Giaboksi Nyingine, Tazameni Pedali ya Kushoto

Foklifti (mashine za kunyanyulia mizigo) nyingi zinazofika kwenye gereji yetu hapa Lubumbashi huja zikiwa zimekwisha kuhukumiwa: giaboksi imekufa, inatakiwa nyingine. Dalili anazozieleza mteja ni za kweli, kwani mashine huondoka kwa kuchelewa, huvuta kwa unyonge ikiwa na mzigo, na magurudumu ya mbele hupata moto hata ndani ya bohari. Hata hivyo, dalili hizo zote zinaweza kuletwa na pedali moja iliyofungwa vibaya.

Katika foklifti nyingi za injini zenye gia za otomatiki, pedali ya kushoto ina kazi mbili. Ikikanyagwa kidogo, hupunguza shinikizo la mafuta kwenye klachi za giaboksi, ili mashine isogee polepole huku injini ikizunguka kwa nguvu na kuinua uma, yaani vyuma vya mbele vinavyobeba mzigo. Ikikanyagwa zaidi, hushika breki. Breki ikishika kabla shinikizo halijashuka, klachi husukuma na breki huzuia kwa wakati mmoja, mafuta yakaungua na viatu vya breki vikaisha upesi. Shinikizo likishuka mapema mno, mashine iliyopanda rampu hurudi nyuma kabla breki haijashika, na hilo ndilo tunaloliogopa zaidi, kwa kuwa fungu la shaba linalobebwa huweza kuzidi tani 2. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali hiyo huleta uharibifu uleule, na hakuna marekebisho ya fundi yatakayomsaidia.

Kwa sababu hiyo hatugusi pedali kwanza. Tunaanza na mafuta ya giaboksi: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia kipozeo, yakiwa meusi na kunuka moshi, sahani za klachi zimeungua, yakitoa povu, yamejazwa kupita kiasi au pampu inanyonya hewa.

Kisha tunafungua ngoma za breki. Vumbi jekundu la kiangazi hujaa humo, nalo likichanganyika na mafuta yanayovuja kwenye sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya ekseli, viatu hulowa na kuteleza. Wapo wanaoviosha kwa petroli na kuvirudisha. Sisi tunavibadilisha, maana mafuta yaliyokwisha kuzama ndani hutoka tena breki ikipata moto. Pedali ikiwa laini, kuna hewa kwenye mabomba. Tunawaomba pia msiongeze mafuta ya breki kutoka chupa yoyote iliyopo karibu: mashine nyingine hutumia mafuta ya breki ya aina ya DOT 3, nyingine mafuta ya madini, na aina isiyofaa huvimbisha mipira ya silinda hadi breki yote inakufa.

Breki zikiwa sawa ndipo tunapofunga geji ya shinikizo kwenye giaboksi na kurekebisha fimbo ya pedali, kwa vipimo vya mtengenezaji. Kwa hiyo mkitupigia simu, tajeni modeli na namba ya mashine iliyoandikwa kwenye kibati chake.

Mashine ikianza kuteleza au pedali ikizama hadi chini, iegesheni mahali tambarare, uma ukiwa sakafuni, nasi tutakuja. Msiivute kwa lori kuileta gereji: injini ikiwa imezimwa, pampu haipeleki mafuta ndani ya giaboksi, na magurudumu yanayozungushwa barabarani yanaweza kuiua giaboksi iliyokuwa bado nzima.