Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: tutajieni kikomo kabla hamjatuita tuombe

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KIKOMO CHA MIKOPO YA ASILIMIA KUMI

Salamu za heshima. Juzi orodha ya vikundi vilivyopitishwa kupata mkopo wa halmashauri imebandikwa ofisi ya kata. Kikundi kilichoandika mradi wa shilingi milioni 14 kimepewa milioni 5, na hakuna hata mstari mmoja wa sababu. Afisa alipoulizwa akajibu: "Fedha za serikali hizo, shukuruni." Basi tumeshukuru. Sasa, kwa unyenyekevu uleule, tuongee hesabu.

Hatubishi kwamba fedha zina mwisho. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mapato yenyewe ni yale yasiyolindwa, yaani yanayobaki baada ya kutoa makusanyo yenye matumizi yake maalumu. Kwa hiyo katika kila bilioni moja inayobaki, mikopo ni milioni 100, na fungu la wanawake ni milioni 40. Vikija vikundi 60 vya wanawake, kila kimoja kikiomba milioni 5, maombi yanafika milioni 300. Fedha zinatosha vikundi vinane. Hesabu hiyo inaenea kwenye nusu karatasi. Uliahidi mwenyewe, mbele ya kikao cha kata, kwamba itabandikwa. Ukuta bado unasubiri.

Badala yake majukwaani tunasikia "fedha zipo, undeni vikundi." Zipo kiasi gani? Hakuna anayesema. Tena zinatangazwa kwa maneno yanayofanana na zawadi, hadi anayesikia kwamba mkulima ana ruzuku ya mbolea anadhani hii ni ruzuku ya wauza vitumbua. Si ruzuku. Haina riba, lakini ni deni, na marejesho ndiyo anayokopeshwa mwingine. Asiyerudisha amekula ya jirani yake. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Tunaelewa kwa nini masharti yamekazwa. Kufichwa kwa kiwango ndiko hatukuelewi.

Maana nusu mkopo hauleti nusu mradi, Ndugu Mkurugenzi. Chukua kikundi cha kusaga na kufungasha unga. Andiko lao lina kinu, mota, starta, mkanda, machekeche, zege la kufungia mashine, umeme wa njia tatu, mizani, vifungashio na mahindi ya kuanzia kutoka soko la Tandale. Ukikata fedha, vinavyonunuliwa kwanza ni kinu na mota, kwa sababu ndivyo afisa atakuja kuvikagua. Fedha zinaishia hapo. Mota kubwa ya kusagia haiendeshwi na umeme wa njia moja wa nyumbani, na fungu la kulipia njia tatu ndilo lililokatwa. Kinu kinakaa chini ya turubai. Muda wa neema, ule wa kabla ya kuanza kulipa, unapita, rejesho la kwanza linadaiwa, na wanachama wanalipa kwa fedha za vikoba. Akina mama wanakopa kulipa mkopo usiosaga hata debe moja.

Wengine wana akili ya haraka zaidi: wanagawana. Watu watano, milioni moja kila mtu, kila mmoja na genge lake. Kwenye makaratasi kuna kinu. Kwenye ukaguzi hakipo. Mnaandika "matumizi mabaya". Sawa, ni mabaya, lakini nadhani nusu yake ilianzia kwenye kalamu iliyokata bila kuuliza.

Sharti la kikundi cha watu wasiopungua watano, kwa wanawake na vijana, nalo lina kasoro zake. Mwenye biashara yake peke yake anaazima majina manne, na siku ya marejesho anabaki mwenyewe. Na mwanamume aliyepita umri wa ujana, asiye na ulemavu, hana mlango kabisa kwenye mfuko huu. Aambiwe hivyo pale serikali ya mtaa, kabla hajalipa steshenari kuchapa katiba, muhtasari na andiko. Sijui nani anafaidika na kimya hiki, ila wenye steshenari hawalalamiki.

Tunachoomba ni kidogo mno hata aibu kukirudia. Kabla ya kila dirisha la maombi, bandikeni kwenye kila kata: fedha zilizopo kwa kila kundi, kiwango cha juu kwa kikundi kimoja, na maombi mangapi yamebaki kutoka dirisha lililopita. Mkilazimika kukata, kiiteni kikundi kabla ya kusaini mkataba. Kirekebishe andiko: kianze kwa kusagisha kwenye kinu cha mtu na kufungasha tu, au kikatae na kusubiri. Kukataa mkopo usiotosha nako ni haki.

Bandikeni kiwango. Dirisha lijalo lisifunguliwe kabla karatasi hiyo haijakaa ukutani. Gundi tutanunua sisi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kwa niaba ya vikundi vya kata
Dar es Salaam